Mumbai, Jiji la Nusu Nusu

Watu wa kwetu Tanga wakisikia naishi Mumbai huwa na maswali yao tayari. Joto ni kali? Ni kweli watu wanalala barabarani? Ni kweli abiria wananing'inia milangoni mwa treni? Yote ni kweli, na kuhusu treni nitasema zaidi. Swali ambalo mtu haniulizi ni kwa nini sirudi, ilhali mkataba ulionileta huku uliisha zamani. Jibu lake si kubwa. Nimebaki kwa ajili ya vitu vidogo vidogo, na vingi katika hivyo huuzwa nusu.

Kwanza uelewe umbo la mji wenyewe. Mumbai ya kusini ilikuwa visiwa saba, vikaunganishwa kwa kujaza vifusi baharini mpaka ikapatikana rasi moja nyembamba. Magharibi bahari, mashariki ghuba na bandari. Mji ukitaka kukua unakwenda kaskazini au unakwenda juu, basi. Kwa hiyo nafasi ndiyo bidhaa ghali kuliko zote, na wenyeji wamezoea kukata kila kitu kipande kidogo, kisha kukifurahia kipande hicho bila kinyongo. Mimi nimetoka mji ambao mtu akitaka kukaa, anakaa. Huku kukaa kuna utaratibu wake.

Kazi yangu ni kununua vitambaa kwa niaba ya wafanyabiashara wa Dar es Salaam na Mombasa. Kanga nyingi tunazovaa pwani huchapwa India, kwa hiyo lazima awepo mtu huku wa kuangalia rangi, kupima majora, na kusoma jina la kanga kabla mashine haijaanza kuchapa, maana fundi hajui Kiswahili na herufi moja ikiruka dua hugeuka tusi. Ofisi yetu iko Kalbadevi, karibu na Mangaldas Market, na hata hiyo si yetu peke yetu. Meza ninayokalia asubuhi, kuanzia mchana hukaliwa na karani wa ofisi nyingine. Tunakutana saa ya chakula. Yeye huletewa chakula cha nyumbani kwake na wale wabeba vyakula wenye kofia nyeupe, kazi iliyoanza mwaka 1890, na kopo lake lina ngazi nne: chapati, mboga, dengu, wali. Ngazi moja husukumwa upande wangu bila maneno. Mimi hupeleka achari.

Nakaa Mira Road, kaskazini, kilomita kama 40 kutoka Churchgate inakoishia reli ya Magharibi. Asubuhi napanda behewa la wanawake la treni inayotoka Virar. Wanawake wa Virar wamepanda mapema, wamekaa, na sisi wa Mira Road wanatuona wavamizi. Tukifika Borivali, sisi nasi tunawaona wa Borivali hivyo hivyo, tena bila aibu.

Benchi limetengenezwa la watu watatu. Wanakaa wanne. Huyo wa nne huweka nusu ya mwili kwenye kiti, nusu nyingine iko hewani, mguu umekazwa kwenye njia ili asidondoke treni ikifunga breki. Hakuna sheria inayowalazimisha wale watatu kusogea, lakini ukisimama mbele yao na kutikisa kidole kidogo tu, wanasogea. Watanuna, watavuta pumzi kwa nguvu, watasogea. Nimesafiri kwenye mabasi ya nchi nyingi zenye nafasi tele ambako mtu huweka mkoba wake kwenye kiti cha pili na kutazama dirishani. Huku mkoba hupakatwa, na ukisimama na mkoba mzito, mtu usiyemjua aliyekaa atanyoosha mkono na kuupakata huo nao.

Halafu kuna mambo ya kurithi viti, na haya nataka niyaeleze taratibu, maana hayakuandikwa popote. Ukiingia ndani husimami ukasubiri bahati. Unapita kati ya magoti ya watu ukimuuliza kila aliyekaa: "Unashuka wapi?" Mmoja atakwambia Andheri, mwingine Dadar, mwingine atamwonyesha kwa kidevu mwanamke aliyesimama pembeni, maana yake kiti chake kimeshaahidiwa. Ukimpata wa Andheri ambaye hajaahidi, basi una kiti, hata kama utakikalia baada ya dakika ishirini na kitu. Unasimama karibu yake, na tangu hapo na wewe unaulizwa: "Na wewe dada, unashuka wapi?" Kiti kimoja kinaweza kuwa na warithi watatu kabla treni haijafika Bandra, na kila mmoja anamjua aliye mbele yake na aliye nyuma yake.

Siku moja msichana mmoja, mwanafunzi wa chuo kwa kumtazama, aliketi kwenye kiti nilichoahidiwa. Kabla sijafungua mdomo walisimama wanawake wanne: mmoja mwenye sari, mmoja mwenye baibui, wengine wawili wenye vitambulisho vya ofisi shingoni. "Inuka, hicho ni cha dada huyu, alikiuliza tangu Borivali!" Sikumjua hata mmoja wao, na wao hawakunijua. Walichokuwa wakitetea ni utaratibu, si mimi, na kwa mgeni hilo ni zuri kuliko kuhurumiwa. Mikataba ya vitambaa ninayosaini ina mihuri miwili miwili na bado watu huikana. Huu wa viti hauna hata karatasi.

Ndani ya behewa hilo wanawake wanamenya njegere za chakula cha jioni, wanachambua mboga, wanasoma vitabu vya dua, wanalala wima. Wachuuzi hupita na hereni zilizotundikwa kwenye kipande cha boksi. Kioo kidogo huzunguka mkono hadi mkono, na behewa zima hutoa maoni kama hereni zinakufaa au hazikufai. Nimewahi kukatazwa kununua jozi ya rangi ya waridi na mama mmoja aliyekuwa mabenchi mawili mbele. Alisema kweli. Siku ya Dussehra, sikukuu ya Wahindu, abiria huja na mashada ya maua ya manjano na kulipamba behewa, wakagawana na peremende.

Sitaki kuzipamba treni zenyewe, hata hivyo. Zinaua watu kila mwaka, wanaodondoka milangoni na wanaokatiza reli kwa miguu. Tangu Desemba 2017 zimekuwepo treni za viyoyozi ambazo milango yake hujifunga, na mwezi wa Mei mimi hulipa nauli hiyo ya juu bila kulalamika. Lakini kati ya Charni Road na Marine Lines, upande wa kulia ukielekea kusini, bahari hujitokeza ghafla nyuma ya viwanja vya michezo, na kwenye treni ya kawaida harufu yake huingia nawe ukajua umefika. Kwenye ile ya kiyoyozi unaiona tu.

Nikishuka Marine Lines sijafika kazini mpaka nipite kwa muuza chai. Chai ya Mumbai ya mtaani huitwa katingi, yaani glasi imejazwa nusu, na siku hizi ni rupia 10 au 15. Ina maziwa, tangawizi, mara nyingine mchaichai, na sukari ya kutosha kumwamsha maiti. Mwanzoni niliiona ni ubahili. Kisha nikaona inavyofanya kazi: nusu glasi huisha ikiwa bado ya moto, hukuchelewesha dakika tano tu, na kwa kuwa ni kidogo, mtu anaweza kukununulia bila kukuweka kwenye deni. Kwa hiyo unakunywa na huyu saa nne, na yule saa sita, na mwenye ghala saa tisa, na kila nusu glasi ina mazungumzo yake. Bei za vitambaa hazipatikani kwenye meza. Zinapatikana pale kibandani, mtoto wa muuza chai anapopita na kile kibebeo cha waya chenye glasi sita, akiwa hamwagi hata tone huku akikwepa mikokoteni.

Ukiuliza chakula, wenyeji wengi watakwambia vada pav, ambacho husemwa kilianzia karibu na kituo cha Dadar katika miaka ya 1960. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa sana. Ni kachori yetu, ile ya kiazi iliyochovywa kwenye unga wa dengu, imewekwa ndani ya mkate laini pamoja na chatine ya kijani na unga mwekundu wa kitunguu saumu unaowasha. Pembeni unapewa pilipili nzima iliyokaangwa na kunyunyizwa chumvi. Inaliwa ukiwa umesimama, umeinama kidogo mbele ili isikuchafue. Urojo wa Unguja una heshima yake, siuvunji, lakini urojo unataka bakuli na mahali pa kukaa.

Pani puri ndiyo inayonipa furaha zaidi, na sababu yake ni mwisho wake. Mnasimama nusu duara mbele ya mwuzaji, kila mtu na kibakuli chake cha majani au karatasi. Anatoboa kimkate kikavu kilicho duara kwa kidole gumba, anatia kiazi na dengu, anachovya kwenye maji ya mnanaa na ukwaju, anakuwekea. Unaingiza chote mdomoni mara moja, maana ukikiuma nusu kitakumwagikia. Ndicho kitu pekee katika mji huu kisichokatwa. Kabla hujamaliza kutafuna ameshamaliza kuzunguka kwa wenzako na zamu yako imerudi. Hana karatasi wala kalamu, lakini anajua nani amekula vingapi na nani kasema asitiwe pilipili nyingi. Ukishalipa huondoki. Unasimama ukimtazama, naye bila kuambiwa anakupa kimoja kikavu kisicho na maji, chenye kiazi na chumvi ya viungo. Hicho ni nyongeza, hakina bei. Kadhalika mwuza mboga: ukinunua nyanya na viazi, unadai kotimiri na pilipili mbili tatu juu yake, na asipotoa unamwangalia kama aliyekukosea adabu. Mimi niliyelelewa kwenye soko la Ngamiani nikidai nyongeza ya dagaa, hapo sikufunzwa na mtu.

Siku za malipo ya mwisho wa mwezi najipeleka Kyani, mgahawa wa Kiirani ulioko Dhobi Talao tangu mwaka 1904, hatua chache kutoka kituoni. Waliofungua migahawa ya namna hii walikuwa wahamiaji kutoka Iran, Wazoroastria wengi wao. Naagiza bun maska, mkate mtamu uliopasuliwa na kupakwa siagi bila huruma, nauchovya kwenye chai mpaka mafuta yanaelea juu. Kama meza zote zina watu unakalishwa na mgeni, na hakuna anayeona ajabu. Mzee mmoja aliyekalishwa nami alisoma gazeti kutoka mwanzo mpaka mwisho, akanikabidhi, akaondoka. Hatukusema neno.

Haya yote hayakuja na makaribisho. Nilipokuwa natafuta nyumba, dalali alikuwa ananiambia kwa simu kwamba ipo, nikifika akiniona rangi yangu inakuwa imepangishwa asubuhi hiyo hiyo. Wengine walitaka kujua dini yangu kabla ya jina. Wengine walisema nyumba ni ya wasiokula nyama, na hilo angalau walilisema wazi. Waafrika wengi waliopita huku kwa masomo au matibabu wana habari kama hizi, na nyingine mbaya zaidi. Sioni kwamba vada pav inafidia jambo hilo. Ninachoweza kusema ni kwamba mji unaonikatalia chumba ndio huo huo unaonisogezea nusu kiti, na mara nyingi ni watu wa mtaa ule ule.

Jioni nikiwahi kumaliza nakwenda Marine Drive. Ule ukuta wa kando ya bahari umepinda kuanzia Nariman Point mpaka Chowpatty, nyuma yake majengo ya zama za 1930 yenye kona za mviringo, ambayo baadhi yake tangu 2018 yamo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Majengo ni mazuri, sawa, ila mimi huwatazama watu walioyapa mgongo. Familia inayoishi watu sita chumba kimoja haina pa kubarizi, kwa hiyo ukuta ule ndio sebule ya mji. Wachumba hukaa wameelekea baharini, mabega yamegusana, na kati ya jozi moja na nyingine pana mkono mmoja tu wa nafasi. Lakini hakuna anayemtazama jirani wala kusikia wanayosema. Sijaona mahali pengine watu wakitengenezeana faragha kwa kutotazama tu. Muuza karanga hupita nyuma yao akigonga kopo lake na hainami kuchungulia.

Msimu ninaoungoja ni mvua. Aprili na Mei ni mateso. Faraja yake ni maembe ya Ratnagiri na Devgad, hapus, yanayouzwa kwa dazeni ndani ya masanduku yenye nyasi kavu. Wenyeji watakwambia hakuna embe duniani zaidi ya hapus. Nimelila, nimenyamaza, na kwa shingo upande nakubali kwamba linakaribia dodo. Kisha katikati ya Juni mawingu yanapanda kutoka baharini. Upepo ni wa kusini-magharibi, kusi letu lile lile likiwa limevuka ikweta na kugeuza uelekeo, na kwa mtoto wa pwani kulipokea upande huu wa bahari ni jambo la kuchekesha kidogo: nyumbani lilikuwa linaondoka na majahazi, huku linafika na mafuriko. Mapaa yote yanafunikwa maturubai ya buluu. Magazeti huchapa saa za maji kujaa, kwa sababu mvua kubwa ikikutana na bamvua mifereji haina pa kumwaga, na mji unasimama. Kazini bado wanaisimulia 26 Julai 2005, kituo cha hali ya hewa cha Santacruz kilipopima milimita 944 kwa saa 24. Mamia ya watu walikufa. Wengine walitembea usiku kucha maji yakiwa kifuani, na wakazi wa njiani wakawafungulia milango wasiowajua.

Mimi hupenda mvua ya siku za kawaida, ile ya kuchelewesha treni bila kuizuia. Unanunua muhindi wa kuchoma, mwuzaji anausugua kwa kipande cha ndimu kilichochovywa kwenye chumvi na pilipili, kama Raskazone ya kwetu Tanga kabisa, unausimamia chini ya mwavuli wa mtu mwingine. Au unakwenda Haji Ali, kaburi la walii lililo kisiwani, kuangalia njia inayoelekea huko ikimezwa na maji. Mahujaji huwa wanaharakishana kwa kelele. Mimi natazama alama ya maji kwenye mawe na kujua zimebaki dakika ngapi. Hesabu hiyo nilifundishwa na mjomba mvuvi.

Ramadhani ikinikuta safarini, magharibi huingia tukiwa mahali kama Goregaon, behewa limejaa hata mkono hauinuki. Wanaofunga hutambuana kwa kutazama simu. Mwaka jana mama mmoja mwenye kidoti chekundu kwenye paji la uso aliniona nikihangaika na kifuniko cha chupa, akainuka, akanikalisha kiti chake kizima. Nilipofungua kikopo changu cha tende nikampa mbili. Alikula moja, nyingine akaifunga kwenye kona ya sari ampelekee mjukuu, akaniuliza tende hizi bei gani Crawford Market, akasema nimepunjwa. Usiku wa Ijumaa tunakwenda na wenzangu Mohammed Ali Road, kwenye uchochoro wa Minara Masjid, kula malpua, chapati tamu za kukaangwa, yanayotoka kwenye mafuta, na firni, uji mzito mtamu wa maziwa na mchele, ya vibakuli vya udongo. Sahani moja ya malpua hulisha watu wanne. Ukijaribu kuimaliza peke yako usiende kazini kesho yake.

Wiki chache zilizopita nilimpokea mteja wangu wa Kariakoo, mama wa biashara hasa, ambaye kila safari hulala hotelini, huangalia vitambaa, huondoka. Safari hii ndege yake iliahirishwa, nikamzungusha. Kwenye kibanda cha chai alitazama glasi yake akasema, "Mwanangu, hii chai ya mgonjwa?" Akanywa. Akaagiza ya pili, kisha akawa anamtazama yule mtoto na kibebeo chake akienda na kurudi, na midomo ikawa inahesabu. Ana mdogo wake mwenye mgahawa Mtaa wa Kongo. Jioni hiyo hiyo nilimpeleka Bhuleshwar kwenye maduka ya vyombo, akanunua dazeni kadhaa za glasi ndogo zenye mikunjo, akapatana bei mpaka mwenye duka akaomba maji.

Nimezifunga katikati ya majora ya madera, na kontena linaondoka bandari ya Nhava Sheva mwisho wa mwezi. Juzi kanipigia kuuliza vibebeo vya waya vikoje. Nimemwambia vipo vya glasi sita na vya glasi nane, achague mwenyewe, na kwamba vya nane vinataka mtoto mwenye mkono mtulivu.